Ziwa likifungwa Aprili hadi Julai, omena wanapona au mama muuza samaki anaumia bure?

SWALI: Daktari, mimi nauza omena, wale dagaa wa Ziwa Victoria, na samaki wa kukaanga hapa Kayole, Nairobi. Kila mwaka Aprili ikifika tunaambiwa uvuvi wa omena umefungwa mpaka Agosti. Gorogoro, mkebe tunaopimia, inapanda bei, wateja wananinung'unikia, mtaji unaisha. Lakini nikienda soko la Gikomba alfajiri omena naikuta, naambiwa ni ya Mwanza au ya Uganda. Je, kufunga huku kunawasaidia samaki kweli ama tunaumizwa bure? Kama samaki wamepungua hivyo, kwa nini serikali isifunge ziwa lote miaka miwili au mitatu tumalizane na jambo hili? Na nikiuza omena miezi hiyo, nakosea?

JIBU: Mama, asante kwa kuuliza. Maswali yako ni matatu na nitayajibu yote, ila la mwisho nitaliweka mwisho kwa sababu ndilo jepesi.

Jibu la lile la kwanza kwa ufupi ni hili. Kufunga uvuvi kwa muda ni chombo kizuri, nami nimekitetea mbele ya wavuvi waliokuwa na hasira na haki ya kuwa na hasira. Lakini faida yake inategemea unamfungia samaki gani, anaishi muda gani, anazalia wapi, na watu wanaingia majini namna gani siku ya kufungua. Kwa omena wa Ziwa Victoria, naamini utaratibu wetu wa sasa unasaidia kwa kiasi, tena unawasaidia samaki wengine kuliko omena wenyewe. Gharama yake nayo inabebwa na watu ambao hawakupaswa kuibeba peke yao, nawe ukiwa mmoja wao.

Samaki huvuliwa kupita kiasi kwa njia mbili ambazo watu wengi huzichanganya. Ya kwanza ni kuwavua wakiwa wachanga mno. Mbuta (sangara) anayenaswa akiwa na urefu wa kiganja angeachwa miaka miwili au mitatu angefikisha kilo kadhaa, kwa hiyo aliyemtoa mapema amekula uzito ambao haujakuwepo bado. Katika hali hiyo wazazi ziwani wanaweza kuwa bado ni wengi, ila mavuno yanazidi kuwa mepesi. Ya pili ni kuwavua wazazi hadi mayai yanayotagwa hayatoshi kuziba pengo la wanaokufa na wanaovuliwa. Hiyo ndiyo inayoweza kumfuta samaki katika ziwa zima, na ndiyo iliyomwangusha ningu.

Ukimuuliza mzee yeyote aliyekulia kando ya Nzoia, Yala, Nyando au Sondu, atakwambia ningu alikuwa nani. Samaki huyu aliishi ziwani lakini hakuzaa ziwani. Mvua zikianza na mito ikifurika, alipanda mto kwa makundi makubwa kwenda kutaga. Wavuvi wakajua siku zake. Nyavu za kisasa zilipofika, zikatandazwa kwenye midomo ya mito, na ningu wakanaswa wakiwa na mayai tumboni kabla hawajayatoa. Uvuvi uliokuwa mkubwa ukaporomoka katikati ya karne iliyopita na haujarudi hadi leo. Nikiulizwa kama kufunga uvuvi kwa muda kuna maana, huwa namtaja ningu kwanza. Hapakuhitajika kufunga ziwa zima mwaka mzima. Kufunga midomo ya mito kwa zile wiki za mvua, kila mwaka, kungeokoa sehemu kubwa sana ya wazazi, kwa sababu walikuwa wamejikusanya mahali pamoja kwa wakati unaojulikana.

Omena hafanani na ningu. Ni samaki wa maisha mafupi, anayekomaa kabla hajatimiza mwaka. Anaanza kuzaa akiwa na urefu wa sentimita nne au tano hivi, na huzaa mwaka mzima, ingawa kuna miezi ambayo uzazi hupanda. Samaki wa namna hiyo hujirudisha upesi. Ndiyo maana, pamoja na kuvuliwa kila giza la mwezi kwa maelfu ya taa kuanzia Usenge hadi Muhuru, na upande wa majirani pia, bado hakuna samaki wa biashara anayemshinda kwa uzito wa mavuno ziwani. Wapo watafiti wanaosema waziwazi kwamba omena hajavuliwa kupita kiasi hata kidogo, na kwamba samaki wa kuhofiwa wasije wakaisha ni mbuta na ngege (tilapia). Hoja yao nzito ni kwamba samaki anayezaa miezi yote hanufaiki sana na kufungiwa miezi minne, kwa sababu hakuna mwezi mmoja ambao ukiulinda umelinda uzazi wake wote. Kwa hilo nakubaliana nao.

Nisipokubaliana nao ni pale wanaposema basi kufunga hakuna kazi. Wavu wa omena una matundu madogo mno. Sheria yetu inataka yasipungue milimita 10, lakini nyavu zenye matundu madogo kuliko hayo zipo kila bichi na kila mtu anazijua. Wavu kama huo ukifanya kazi katikati ya ziwa usiku, unaleta omena. Ukikokotwa karibu na ufuo, kwenye ghuba za maji mafupi na pembezoni mwa mafunjo, unaleta omena pamoja na vifaranga vya ngege na mbuta ambao hawajafika hata urefu wa kidole. Huko kwenye mafunjo ndiko wanakolelewa. Miezi ya Aprili hadi Julai inaangukia masika na wiki zinazofuata, wakati mito inaleta maji mapya, kingo zinafurika na samaki wengi wanatumia maji hayo ya pembezoni. Kwa hiyo taa zinapozimwa na nyavu za kukokota zinapowekwa chini, wanaopumua hasa ni wale wachanga wa samaki wakubwa. Faida hiyo ni ya kweli. Unaipata baadaye sokoni kwa sura ya ngege wa kukaanga, wala si kwa sura ya omena.

Hili husahaulika kwa sababu tangazo huandikwa kwa jina la omena. Mvuvi akirudi majini Agosti akakuta omena ni wale wale, anaona amedanganywa. Mimi ningependa aambiwe tangu mwanzo analinda nini.

Sasa tuje kwa omena unayoikuta Gikomba. Kenya ina takribani asilimia 6 tu ya eneo la Ziwa Victoria. Sehemu nyingine zote zimegawanywa kati ya Tanzania na Uganda, na majirani hao hawafungi uvuvi wa omena kwa tarehe zetu. Magunia yanaendelea kutoka soko la Kirumba kule Mwanza na kutoka bichi za Uganda, yanavuka mpaka Isebania na Busia, yanashushwa Gikomba. Samaki naye hajui mpaka. Omena aliyeachwa mbele ya Mbita wiki hii anaweza kunaswa na taa ya Mtanzania au Mganda wiki ijayo. Wavuvi wetu wanaona hilo kwa macho usiku: kwao giza, ng'ambo kumewaka taa kama mji. Ukimwambia mtu huyo avumilie miezi minne, naelewa anavyokuangalia.

Chombo cha kuzungumzia hayo kipo. Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria liliundwa kwa mkataba uliotiwa saini Kisumu mwaka 1994, na makao yake yako Jinja. Kenya, Uganda na Tanzania zinakaa meza moja huko. Kwamba hadi leo hatuna kipindi kimoja cha kufunga kinachofuatwa na nchi zote tatu ni jambo linalonisikitisha, hasa nikitazama Ziwa Tanganyika. Tanzania, Burundi, Zambia na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo zilikubaliana mwaka 2021 kulipumzisha ziwa lao miezi mitatu kila mwaka, na mwaka 2024 Tanzania ikafunga uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, kuwalinda dagaa na migebuka. Nchi nne zenye lugha rasmi tofauti na shida zao nyingi zimefika hapo. Sisi tuko watatu na tunasikilizana kwa Kiswahili.

Hata hivyo, nisikuache ukidhani kwamba asilimia 6 ni kitu kidogo kisichofaa kulindwa. Ghuba ya Winam yote iko ndani ya Kenya. Mafunjo ya Nyando na ya Yala yako kwetu. Kifaranga wa ngege anayelelewa hapo hasafiri kwenda Mwanza. Kenya peke yake haiwezi kumpumzisha omena, lakini inaweza kabisa kulinda mazalia yake yenyewe bila kumsubiri mtu. Ningekuwa na kalamu ya waziri, ningefunga ghuba zile za malezi kwa kila aina ya wavu, muda mrefu kuliko miezi minne. Halafu ningeruhusu omena wavuliwe kule maji marefu kwa wavu halali, hadi siku nchi tatu zitakapokubaliana tarehe moja. Najua ni vigumu kusimamia, kwa sababu kumkamata anayevua wakati wa marufuku kamili ni rahisi kuliko kupima umbali wa mtumbwi kutoka ufuoni usiku. Lakini wanaokaa bichi, wale wa BMU (vikundi vya wanajamii vya kusimamia bichi), wanajua mitumbwi yao mmoja mmoja. Wakipewa mafuta ya boti na wakiungwa mkono wanapomshika mtu mwenye jina kubwa, wataweza.

Kuna jambo lingine ambalo huharibu faida ya kufunga, na hili naomba ulisome polepole kwa sababu ndilo linaloamua kama mnaumia bure. Chukua mfano wa bichi yenye mitumbwi 100, kila mmoja ukivua usiku 20 kwa mwezi. Kwa mwaka hizo ni safari 24,000. Ukifunga miezi minne, zinabaki safari 16,000, na samaki amepunguziwa mzigo kwa theluthi moja. Lakini mitumbwi ikiongezeka kufika 150, kwa sababu leseni hutolewa kwa yeyote anayelipa au kwa sababu wengine hawana leseni kabisa, miezi minane iliyobaki inatoa safari 24,000 zile zile. Samaki hakupunguziwa chochote. Mvuvi amekaa miezi minne bila kipato, wewe umenunua gorogoro kwa bei ya juu, na ziwani mzigo haukubadilika. Na hapo sijahesabu taa za sola zenye mwanga mkali kuliko karabai za zamani, wala injini zinazokimbia mbali zaidi.

Kwa hiyo mtu akikwambia ziwa limefungwa, muulize pia mitumbwi mingapi imepewa leseni mwaka huu kuliko mwaka jana. Bila jibu hilo, habari za kufungwa hazijakamilika.

Mahali ambapo nimeona kufunga kukieleweka vizuri kabisa ni pwani, kwa pweza. Pweza wa miambani huishi takribani mwaka mmoja na nusu tu, na akiwa na chakula huongezeka uzito kwa kasi ya ajabu. Jike akishataga hukaa pangoni akilinda mayai, hali chochote, na yakianguliwa naye hufa. Kijiji cha Andavadoaka, kusini magharibi mwa Madagaska, kilianza mwaka 2004 kufunga sehemu tu ya miamba yake kwa miezi kadhaa, huku watu wakiendelea kuvua sehemu nyingine. Vijiji jirani vikaiga, na kwa kawaida wakawa wanafunga kama sehemu moja kati ya tano ya eneo lao kwa miezi miwili au mitatu. Watafiti walipopima matokeo ya miaka minane, waliona kwamba katika mwezi wa kufungua, pweza waliotoka kwenye maeneo hayo waliongezeka kwa zaidi ya asilimia 700 wakilinganishwa na kabla ya kufungwa. Kwa sababu sehemu nyingine zilibaki wazi, mapato ya kijiji hayakuanguka wakati wa kufunga. Njia hiyo imeenea Afrika Mashariki: Kisiwa Panza huko Pemba wameifuata, na huku kwetu kina mama wa Pate, Lamu, nao wamefunga miamba yao.

Angalia tofauti na omena. Pweza hahami, anakaa mwambani pake, kwa hiyo aliyemwacha ndiye atakayemkuta. Anakua haraka, kwa hiyo subira ni ya wiki chache na malipo yanaonekana kwa macho. Eneo linalofungwa ni dogo, kwa hiyo hakuna anayelala njaa. Na aliyefunga ni kijiji chenyewe, kikajua tarehe ya kufungua tangu siku ya kwanza. Hata hivyo, pwani nako siku ya kufungua ina hatari yake. Habari zikisambaa, watu huja kutoka vijiji vya mbali na kwa siku mbili tatu mwamba unabaki mtupu. Vijiji vilivyofaulu ni vile vilivyoweka masharti ya siku hiyo pia: nani anaingia, saa ngapi, na pweza wa uzito gani anaachwa.

Meli za kukokota kamba katika ghuba ya Malindi na Ungwana zilipitia habari kama hizo. Zilisimamishwa mwaka 2006, kisha mpango wa mwaka 2010 ukaziruhusu zirudi kwa masharti, mojawapo likiwa kufungwa kila mwaka kuanzia Novemba hadi Machi. Kwa meli chache zinazofahamika kwa majina, sheria ya tarehe hufuatiliwa kwa urahisi. Ziwa lenye maelfu ya mitumbwi ni kazi nyingine.

Swali lako la pili: kwa nini tusifunge ziwa lote miaka miwili mitatu tumalizane? Nalielewa vizuri, kwa sababu maumivu ya kila mwaka yanachosha kuliko maumivu ya mara moja. Tuangalie waliofanya hivyo.

Kanada ndiyo inayonitisha zaidi. Tarehe 2 Julai 1992 waziri wa uvuvi, John Crosbie, alitangaza kufungwa kwa uvuvi wa chewa wa kaskazini (kwa Kiingereza cod), samaki aliyewalisha watu wa Newfoundland kwa karne kadhaa. Ilisemwa ni miaka miwili. Watu kama 30,000 walipoteza kazi siku hizo. Miaka miwili ikapita, kumi ikapita, ishirini ikapita. Marufuku hiyo iliondolewa mwaka 2024, baada ya miaka 32, na hata sasa kiasi kinachoruhusiwa ni kidogo sana kikilinganishwa na zamani. Chewa ni samaki anayekomaa polepole, na walifunga wakati wazazi walikuwa wamebaki wachache mno. Mifano ya heri ipo pia: heringi wa Bahari ya Kaskazini huko Ulaya walifungiwa mwaka 1977, na mapema miaka ya 1980 walikuwa wamerudi kiasi cha kufunguliwa. Lakini katikati ya miaka ya 1990 walikaribia kuanguka tena, na kilichowaokoa safari hiyo ni kupunguzwa haraka kwa kiasi kilichoruhusiwa kuvuliwa, bila kusubiri hadi kufunga kabisa.

Karibu na Nairobi tunayo Naivasha. Mwaka 2001 uvuvi ulisimamishwa huko kwa takribani mwaka mzima baada ya samaki kupungua vibaya, na ulipofunguliwa idadi ya mitumbwi ilipunguzwa, jambo ambalo nalisifu. Lakini ziwa haliwi lile lile unapolingojea. Miaka hiyo hiyo alijitokeza kapi, samaki wa kigeni anayeaminika kuingia kwa bahati mbaya kupitia mto, na baada ya muda mfupi ndiye aliyejaza nyavu. Ukinunua samaki wa Naivasha leo, huenda unanunua samaki ambaye wavuvi waliokubali kufunga ziwa mwaka 2001 hawakuwa wanamngojea.

Nasema hivi ili uone kwamba kufunga kwa miaka mingi kunafaa pale tu samaki wamefika ukingoni, na kunadai malipo. Uchina ilifunga mto Yangtze kwa miaka 10 kuanzia Januari 2021, na zaidi ya wavuvi 200,000 ilibidi watafutiwe fidia na kazi nyingine. Brazil hufunga kwa miezi michache tu kila mwaka, lakini mvuvi mdogo aliyesajiliwa hulipwa na serikali kima cha chini cha mshahara kila mwezi wa kufungwa. Kwetu mvuvi wa Homa Bay halipwi kitu, mchuuzi halipwi kitu, na mama wa kuanika omena bichi halipwi kitu. Ukifunga Ziwa Victoria lote miaka mitatu katika hali hiyo, utakuwa umeandika sheria ambayo mtu mwenye watoto hawezi kuitii. Atavua usiku, atahonga, na wale wachache watakaotii ndio watakaoumia zaidi.

Kuna maumivu mengine ambayo huzungumzwa kwa sauti ya chini, nami nataka kuyasema wazi. Samaki wakipungua bichi, mwenye mtumbwi anakuwa na nguvu juu ya mwanamke anayesubiri kununua. Jaboya, ile desturi ya mchuuzi kudaiwa mwili wake ndipo auziwe samaki, hustawi kwenye uhaba. Miezi ambayo omena ni chache ndiyo miezi ambayo mwanamke asiye na mtaji anasukumwa ukutani. Mpango wowote wa kufunga ziwa ambao haukuwafikiria wanawake hao mapema, kwa mkopo mdogo, kwa ghala la pamoja au kwa fedha taslimu, haujakamilika hata kama samaki wanaongezeka. Nimeshangaa mara nyingi jinsi mikutano ya uvuvi inavyojaa wanaume wenye mitumbwi, ilhali wanaobeba samaki huyo hadi Nairobi ni wanawake.

Na kuna chakula cha mifugo. Sehemu kubwa ya omena inayovuliwa haifiki kwenye sufuria ya mtu. Inasagwa kuwa chakula cha kuku na samaki wa kufugwa, na viwanda vyake vingi viko hapa Nairobi na kando kando yake. Kiwanda kina ghala na pesa. Machi kinanunua kwa tani, wewe unanunua kwa gunia, na bei ya Aprili inapopanda kiwanda tayari kimejaza ghala. Ningependa sana kuona miezi ya kufungwa ikiandamana na kanuni kwamba omena nzuri inayofaa kuliwa iwafikie watu kwanza. Huyo ndiye samaki wa bei nafuu kuliko wote kwa mtoto wa Kayole, na analiwa mzima, mifupa yake ikimpa kalisi ambayo minofu ya mbuta haina.

Sasa lile la tatu, kama unakosea kuuza. Hukosei kwa kuuza tu. Kilichokatazwa ni kuvua omena katika maji ya Kenya miezi hiyo na kufanya biashara ya samaki waliovuliwa kinyume cha sheria. Omena iliyovuliwa Februari au Machi ikakaushwa ni halali kuuzwa Mei. Iliyoingia kutoka Tanzania au Uganda ikiwa na karatasi za mpakani ni halali pia. Inayopaswa kukutia wasiwasi ni ile ambayo mwenye jumla anakwambia imetoka bichi ya Kenya juzi, au ile asiyetaka kabisa kusema imetoka wapi. Muulize, tena mbele ya wanunuzi wengine. Wachuuzi watano wakikataa gunia moja, habari inarudi bichi haraka kuliko askari. Samaki wa vizimba hana shida hii, kwa kuwa anafugwa, na tilapia wa barafu kutoka Uchina naye ni wa kufugwa. Mgongo wazi, yaani mifupa inayobaki minofu ikishakatwa, unatokana na mbuta, ambaye ana sheria zake za ukubwa.

Upande wa mtaji, usisubiri Aprili. Omena huvuliwa giza la mwezi, kwa hiyo bei ya jumla hushuka siku hizo na kupanda mbalamwezi ikiwaka. Kuanzia Januari, weka akiba kidogo kwenye chama kwa ajili ya kununua pamoja giza la Februari na la Machi. Mkiwa wanne au watano mnaweza kumpigia simu mama wa bichi moja kwa moja na kulipa usafiri wa basi pamoja. Nunueni iliyoanikwa juu ya chanja au nyavu, kwa sababu iliyoanikwa chini ina mchanga na huharibika upesi. Ishike mkononi: ikivunjika kwa mlio imekauka, ikijikunja bado ina maji na itaota ukungu ndani ya gunia. Iwekeni juu ya mbao, mbali na ukuta, kwenye gunia linalopitisha hewa, na kila baada ya wiki mbili muimwage juani asubuhi moja. Mafuta yake hubadilika harufu ikikaa, kwa hiyo msinunue kiasi cha kukaa kupita Juni. Na omena yenye harufu ya dawa ya wadudu, hata ikiwa bei ya kutupa, iacheni hapo hapo Gikomba, maana kuna watu hupuliza dawa ili isiliwe na wadudu na wateja wako watakula hiyo dawa.

Jambo la mwisho. Tarehe za kufunga hutolewa chini ya Sheria ya Usimamizi na Maendeleo ya Uvuvi ya mwaka 2016, na Katiba inadai wananchi washirikishwe. Mara nyingi maoni hukusanywa kandokando ya ziwa. Hakuna kinachowazuia wachuuzi wa Nairobi kupeleka barua yao kwa Idara ya Uvuvi ikisema mambo matatu: nchi tatu zikubaliane tarehe moja, leseni za mitumbwi zihesabiwe na zitangazwe, na wachuuzi wawekwe kwenye mpango wa msaada miezi ya kufungwa. Mkiiandika, nitumieni niisome kabla haijaenda, nami nitaongeza takwimu za utafiti pale zinapohitajika.